Chombo Kisicholia Hakitoki Uani

KITUO CHA POLISI, NAGAA SHAQAF NA VITONGOJI VYAKE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jalada namba: 212/2018
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali ya kale kwa makusudi
Jina la shahidi: Dahab binti Qenawi Tamam
Umri: Miaka 43
Kazi: Kukanda udongo na kupanga vyombo jokoni
Makazi: Nagaa Shaqaf, mkoa wa Qena, nyumba ya mwisho kabla ya mfereji
Uhusiano na mtuhumiwa: Mtuhumiwa ni baba yangu mzazi
Siku na saa: Jumatano, 10 Oktoba 2018, saa nne asubuhi
Mwandishi: Sajini Rushdi Makkawi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza kwa hiari yangu. Sijatishwa wala sijaahidiwa kitu, ila nimepewa ushauri, na ushauri huo nitauandikisha humu humu kwa sababu ndio ulionichemsha damu asubuhi hii.

Sajini amenitahadharisha kwamba maneno ya mtoto juu ya baba yake hayana uzito mkubwa mahakamani. Nimemjibu, "Wewe andika tu, kaka. Uzito tutaupima baadaye." Sikuja kumpamba baba. Nina hasira naye pia, na hilo litaonekana huko mbele.

Naanza mwaka 2015, ingawa Sajini anataka nianze jana. Nikianza jana nitakuwa nimemsaidia mtu mwingine kudanganya.

Mnamo tarehe 3 Machi 2015, mimi na baba tulikuwa tunachimba udongo kwenye uwanja ulio mashariki ya ua wetu. Jembe liligonga matofali yaliyogeuka kijani na kung'aa kwa moto. Mtu wa kazi yetu haambiwi hiyo ni nini. Ni ukuta wa ndani wa joko, na joko la kale, kwa sababu sisi hatujengi kwa matofali madogo namna ile. Pembeni palikuwa na lundo la vigae lililonifika kiunoni. Siku hiyo hiyo tuliandika barua, tukaipeleka ofisi ya mambo ya kale wilayani. Aliyetupokea ni Mkaguzi Loutfi, ambaye ndiye mlalamikaji katika jalada hili. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Alisema, "Haji, nyinyi watu kila mkichimba choo mnampata Firauni."

Baba akamjibu, "Sijasema Firauni, mwanangu. Nimesema mfinyanzi."

Akacheka, akagonga mhuri kwenye nakala yetu ili tuondoke. Nakala hiyo nimeikabidhi leo pamoja na maelezo haya. Kitongoji chetu kinaitwa Nagaa Shaqaf, yaani kitongoji cha vigae. Hata punda wetu anajua kwamba hapa palikuwa na wafinyanzi. Mkaguzi amesoma chuo kikuu na hakujua.

Mnamo tarehe 18 Septemba mwaka huu, siku ya Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nakanda udongo uani niliposikia tingatinga. Nilitoka mbio bila viatu, udongo umenifika viwikoni. Tingatinga lilikuwa linachimba mtaro wa maji taka, nalo lilikuwa limeshaingia ndani ya joko. Niliona kwa macho yangu ukuta wa kijani ukimwagika kutoka kwenye kijiko na kuingia kwenye lori, na ndani ya kifusi mlikuwa na vyombo. Nilimwambia dereva asimame. Akaniambia, "Dada, mimi nina mchoro, wewe una nini? Nenda kapike."

Mkaguzi Loutfi alikuwepo. Nasema tena, alikuwepo. Alisimama kwenye kivuli cha lori akinywa chai, na kwenye mkoba wake alikuwa na karatasi yenye sahihi yake inayosema kwamba uwanja ule ni ardhi tupu. Nilimwonyesha joko. Alisema kazi ya serikali haisimami kwa ajili ya vyungu.

Aliyesimamisha kazi ni baba. Ana miaka sabini na sita. Aliteremka mtaroni kwa makalio kama mtoto, akakaa mbele ya kijiko, akapanga kanzu yake vizuri juu ya magoti, akasema, "Endeleeni." Dereva akazima mashine. Alikaa humo mpaka saa kumi na moja jioni, na watu wakamshushia chai kwa kamba. Ndiyo maana nusu ya joko ipo mpaka leo. Nusu nyingine ilikwishakwenda na malori matatu kujaza barabara, na mpaka asubuhi hii hakuna mtu aliyeitwa kituoni kueleza.

Tarehe 22 Septemba alikuja Daktari Inas, mwalimu wa chuo kikuu anayefukua mambo ya kale, pamoja na wanafunzi wake wanne. Alipoiona nusu iliyobaki alikaa chini, akafunika mdomo. Alisema joko lile lina karibu miaka mia nane, na kwamba sakafu yake ya juu haijawahi kufunguliwa. Vyombo vya uchomaji wa mwisho vilikuwa bado vimepangwa humo, mdomo kwa mdomo, kama mwenyewe alivyoviacha. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuvitoa. Alisema hajui, pengine tauni, pengine vita. Baba alisema, "Au alikufa tu. Watu hufa siku ya kazi." Tuliwasha kijiti cha ubani pale mlangoni, maana joko lisilofunguliwa na mwenyewe ni msiba, hata ukiwa umechelewa.

Tarehe 25 Septemba walikuja watu wa televisheni. Mkaguzi Loutfi alivaa tai, akasimama mbele ya joko, akasema, "Tumegundua." Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake nikiwa na beseni la udongo kichwani, na Mungu ndiye aliyenizuia. Aliligundua kama mtu anavyougundua ukuta kwa kuugonga na gari. Baba hakutajwa. Mtaro haukutajwa. Kamera iligeuzwa upande wa pili ili usionekane. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini sikujua kwamba linapewa na kipaza sauti.

Sasa nafika jana.

Daktari Inas alimwomba baba asaidie kuvitoa vyombo, kwa sababu wanafunzi wake wanajua kupiga mswaki udongo lakini hawajui kupakua joko. Ukivuta chombo ambacho si zamu yake, safu nzima inakuja. Mnamo tarehe 9 Oktoba 2018, saa tatu asubuhi, baba alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya mlango wa joko. Mimi nilikuwa kushoto kwake kupokea. Daktari alikuwa nyuma yetu na daftari la namba. Wanafunzi walikuwa kwenye chekeche, hatua ishirini hivi. Mkaguzi alikuwa kwenye kivuli, kama kawaida yake, na simu sikioni.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu, na naomba Sajini asilifupishe. Siku ya kupakua joko, kila chombo hugongwa kwa kifundo cha kidole kabla hakijawekwa chini. Kikilia, ni kizima, kinakwenda kulia kwako. Kisipolia, kina ufa hata kama jicho haliuoni, nacho huvunjwa papo hapo juu ya jiwe, mbele ya watu wote. Hakiwekwi kando wala hakigawiwi bure. Msemo wetu ni huu: chombo kisicholia hakitoki uani. Babu yangu Tamam aliwahi kuona haya kuvunja mtungi mzuri, akampa jirani aliyekuwa na mimba. Mtungi ulifumukia kichwani mwake akiwa kwenye ngazi za mfereji. Alianguka, mimba ikaharibika. Babu alilifunga joko mwaka mzima, na alipolifungua tena, alimkabidhi baba jiwe. Baba alikuwa na miaka kumi na tatu. Toka siku hiyo mkono wake haujaulizana na kichwa chake juu ya jambo hili.

Gudulia la kwanza lilitoka. Baba aliligonga. Lililia vizuri, sauti ndefu. Baba alicheka, akasema, "Miaka mia nane na bado anaitika, huyu!" Daktari Inas naye alicheka, akasema, "Ami Qenawi, usiyagonge sana, yamezeeka kukushinda." Baba akasema, "Hayajazeeka. Ndiyo kwanza yanatoka jokoni." La pili lililia. La tatu lililia. Nilikuwa sijamwona baba na uso ule tangu mama afariki.

Gudulia la nne lilitoka saa tano kasoro dakika kumi. Lilikuwa zuri kuliko yote, lina chujio shingoni lililotobolewa mfano wa ndege wawili. Baba aliligonga. Lilisema tak, kama mti. Aligeuza, akagonga upande wa pili. Tak. Aliliinua juani, akalitazama kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Daktari alikuwa ameinama kuandika namba ya gudulia la tatu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namtazama. Nilijua mkono unakwenda wapi, na mdomo wangu ulikuwa unafunguka kusema "Baba", lakini nimekulia kwenye ua ule, na nusu ya mwili wangu ilikuwa inangoja kusikia kikivunjika, kama siku zote. Sikusema. Hilo nalo liandikwe. Alilipiga kwenye jiwe lililokuwa kulia kwake, mara moja, kwa kitako. Likawa vipande vitatu.

Kisha akanyoosha mkono jokoni kuchukua la tano. Hapo ndipo alipojiona. Mkono ulisimama njiani, ukabaki hivyo.

Daktari Inas alipiga ukelele mmoja. Mkaguzi Loutfi alikuja mbio, na kabla hajauliza neno alimkamata baba kwa ukosi wa kanzu, akamvuta mpaka kilemba kikaanguka. Alikuwa anapiga kelele, "Mharibifu! Mmemwona! Amefanya kwa chuki, kwa ajili ya ule mtaro wake!"

Baba akasema, "Lilikuwa limepasuka, mwanangu."

"Nani kakuuliza? We mzee unajua thamani yake?"

"Thamani yake ndiyo hiyo. Lilikuwa limepasuka."

Mimi nilikiokota kilemba, nikamwondoa Mkaguzi mkono kwenye kanzu ya baba. Anadai nilimuuma. Sikumuuma. Nilitaka. Polisi walifika saa sita, wakamuuliza baba kama alilivunja. Akasema, "Nimelivunja mimi, kwa mikono yangu hii." Wakamchukua. Amelala hapa.

Sasa nasema kuhusu ushauri. Leo saa mbili asubuhi nilipofika na chakula cha baba, Sajini Rushdi alinipokea vizuri. Alinipa kiti. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama Yasin, neno moja tu. Sema lilimponyoka. Mzee wa miaka sabini na sita, mikono inatetemeka, nani atakataa? Wewe ndiye uliyeona peke yako. Makusudi ni miaka jela. Kuponyoka ni kuponyoka. Saa saba yuko nyumbani anakula." Sajini sasa ananiomba nisiliandikishe hilo. Aliandike. Alisema kwa wema, na mimi silaumu wema wake.

Nilikwenda dirishani kwa baba, nikampa mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, na jibini, nikamwambia, "Baba, sema lilikuponyoka."

Akasema, "Halikuniponyoka."

"Najua. Sema tu."

Alipitisha mikono yote miwili kwenye nondo, akaitandaza mbele yangu. "Inatetemeka hii?" Haikutetemeka. "Niko kwenye gurudumu la kufinyangia miaka sitini na tatu. Hakijaniponyoka chombo hata wiki niliyomzika mama yako. Leo niponyokwe mbele ya watoto wa chuo? Na nikitoka, nani atanunua mtungi kwa mtu anayeponyokwa?"

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nilimwita kichwa tofali. Nilimwambia atafia mle ndani kwa ajili ya kiburi cha udongo, na mimi ndiye nitakayebaki na joko na wanangu wawili na aibu. Alitafuna mkate mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Lakini nimekosa, Dahab. Lile halikuwa langu kulihukumu. Lina mwenyewe. Mkono ulitangulia. Hilo nitawaambia, nawe waambie. La kuponyoka, hapana."

Nililia pale dirishani kwa hasira, si kwa huzuni. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, na maana yao ilikuwa kula. Sisi kwetu ni maana zote mbili.

Nikiwa natoka hapo nilimkuta Daktari Inas kwenye ukumbi wa kituo. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakunipa mkono. Alisema, "Sijui kama nitamsamehe, Dahab. Lile lilikuwa zuri kuliko yote." Nikamwambia ana haki. Kisha akafungua mfuko, akanionyesha kipande kimoja, pale kilipovunjika. Kingo zote zilikuwa nyekundu mpya, isipokuwa mstari mmoja unaopanda kutoka kitakoni mpaka begani, mweusi kwa moshi. Moshi hauingii kwenye ufa wa jana. Gudulia lile lilipasuka motoni, miaka mia nane iliyopita, na baba aliujua ufa huo kwa kidole wakati Daktari alihitaji hadubini. Alisema pia kwamba jiwe alilolipigia si letu. Tulidhani ni jiwe tu. Lilikuwa limezikwa nusu kulia kwa mlango, nalo lina shimo juu lililolika kwa kupigwa, na lundo lote la vigae liko nyuma yake. Magudulia yale yote ya lundoni yalivunjwa kwa pigo moja, kitakoni. Daktari amesema ataandika hayo kwa mkono wake na kuyaleta leo kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo natoa jibu la swali nililoitiwa.

Halikumponyoka. Alilivunja. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja na niliona. Hakukusudia kuharibu mali ya kale. Alikusudia chombo kibovu kisitoke uani, kama mwenye joko angefanya kama angeishi mpaka kesho yake. Alikosea, kwa sababu ua haukuwa wake, na amekiri kukosea, na mimi nilikosea kwa kukaa kimya. Mkitaka kutufunga kwa kosa hilo, tufungeni kwa hilo, si kwa lingine.

Lakini naomba Sajini aandike na hili, kwa herufi zile zile. Baba yangu alivunja gudulia moja lenye ufa. Mtu mwingine alivunja nusu ya joko zima, likiwa na magudulia ambayo hakuna aliyeyagonga kujua kama yanalia. Alikuwa na barua yetu yenye mhuri wake mwenyewe miaka mitatu. Alikuwa na macho. Alikuwa na chai mkononi. Yeye aulizwe kama joko lilimponyoka.

Sajini amenipa maji, nimeyakataa, nimeona haya, nimeyanywa. Gudulia lililoko kwenye dirisha la ofisi hii ni kazi ya baba. Limo humu toka enzi za afande aliyepita. Ninaomba nalo lihesabiwe kama ushahidi. Kama limewahi kuvuja juu ya majalada yenu hata tone moja, basi yote niliyosema ni uongo.

Niliyoyaona ni haya, na sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa, nimesikia, naweka sahihi.

(Sahihi) Dahab Qenawi Tamam

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Rushdi Makkawi, kama yalivyosemwa, na nimemsomea shahidi kwa sauti. Alitaka marekebisho mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "gudulia lilivunjika", akanifanya nifute na kuandika "alilivunja". Aliombwa mara mbili kufikiri tena juu ya neno hilo, akakataa. Maneno yangu kwake ya saa mbili asubuhi yameandikwa kwa matakwa yake na ni ya kweli.

Nakala ya barua ya tarehe 3 Machi 2015 imepokelewa ikiwa na mhuri, na imeambatishwa. Mlalamikaji Loutfi ameitwa kufika kituoni kesho saa tatu asubuhi kuandika maelezo kuhusu mtaro.

Saa sita na robo, baada ya shahidi kuondoka, niligonga gudulia la dirishani kwa kidole. Lililia. Nililijaza maji, nikampelekea mtuhumiwa mahabusu. Kabla ya kunywa, aliligonga na yeye.

(Sahihi) Sajini R. Makkawi